Tope Limekwenda Wapi

Mwanangu Rajabu,

Barua huanza kwa salamu, kisha mwandishi akasema yeye ni mzima, wasiwasi wake ni juu ya aliye mbali. Yangu haiwezi kuanza hivyo kwa sababu hujawa mbali bado. Uko nyumba ya tatu kutoka hapa, kwa Mama Kulwa, unalishwa kuku wa kuagwa, na kicheko chako nakisikia kikivuka ua. Wala sina uzima wa kujisifia. Nimechoka. Tangu asubuhi nimefua, nimepiga pasi, nimekaanga vitumbua vya safari, na sasa jua linateremka na mgongo unanidai. Lakini garimoshi la kesho halitaningoja, na maneno haya nikijaribu kuyasema kwa mdomo nitalia au nitafoka. Wajua mwenyewe jinsi nilivyo. Kwa hiyo nimekaa kizingitini na kalamu uliyoisahau mezani, naandika kungali na mwanga.

Sitakuandikia juu ya blanketi, wala ule nini, wala usifuatane na nani. Hayo Mama Kulwa amekwambia tangu juzi na atakwambia tena stesheni mbele za watu. Mimi nataka kukuandikia juu ya baba yako na lile gati, mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Siku zote nimekusimulia vipande vipande, na kila kipande nilikitoa nikiwa na hasira ya jambo jingine. Ukivunja kikombe nakwambia baba yako alikufa. Ukichelewa kurudi nakwambia baba yako alikufa. Nadhani ulikua ukidhani baba yako alikufa kwa ajili ya vikombe.

Baba yako, Hamisi, alikuwa Mzinza wa kando ya ziwa, upande wa Chato. Mimi mtoto wa mchuuzi wa Pangani na mama wa Kisumbwa, nilizaliwa njiani kati ya duka na duka, na hadi nilipoolewa nilikuwa sijaona maji mengi kuliko ya kwenye pipa. Yeye maji yalikuwa kazi yake. Alikuwa mtia bildi kwenye tishali iliyoleta unga, mafuta ya taa na vyuma kutoka Mwanza, vishushwe kwetu na kupelekwa kwa malori kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Tishali ni chombo kipana kisicho na akili, hukokotwa tu, na kikipanda fungu la mchanga hakishuki. Ndiyo maana mbele yake husimama mtu mwenye bildi, lile pande la risasi lililofungwa kamba, akipima kina hatua kwa hatua.

Ulikuwa mdogo, lakini pengine unakumbuka sauti yake. Kamba ilikuwa na vitambaa vya rangi kila pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na chini ya bildi palikuwa na kishimo alichokijaza shahamu ya kondoo, ili ikigusa chini ilete kidogo cha kilichoko huko. Akiitupa, akiivuta, anaimba ili nahodha aliye nyuma asikie. Pima sita, chini mchanga. Pima tano, chini tope. Pima nne, chini tope, gati hilo. Watoto wote wa pale kijijini waliuimba wimbo huo wakitwanga, wakichota maji, hata wakilala. Mimi mwenyewe nilikuwa najua tuko umbali gani na gati kwa kusikia namba tu, na ziwa nimelipa mgongo.

Nataka uelewe kwamba alikuwa fundi na hakuwa mzembe. Miaka hii yote watu wameniambia pole kwa sauti ya kumsamehe, na mimi nimeitikia asante kana kwamba kuna la kusamehewa. Siku ile alitia bildi kama alivyofundishwa, akaimba kile alichokipata, na kilikuwa kweli tupu.

Ilikuwa siku ya soko, vita vile vikubwa bado havijaisha, na unga ulikuwa wa shida. Tishali ilikuwa imelala nje kidogo ikingoja mwanga. Baba yako alikuja ufukweni kwa kihori, mtumbwi wake mdogo, kunywa chai kwangu, maana nilikuwa na kibanda cha chai na maandazi karibu na gati. Ndipo ardhi ikaunguruma. Kwanza nilidhani ni lori. Kisha birika likatembea lenyewe mezani, mbwa wakanyamaza, na mti wa kibanda ukaanza kulia kama mlango. Ziwa lilivuta pumzi, likaacha matope na samaki wadogo wakirukaruka, likarudi likapanda majanini, likavuta tena, likarudi tena. Halafu kimya. Tulitazamana. Mtu mmoja akacheka, na wote tukacheka, kwa sababu nyumba zilisimama na watoto walikuwepo. Mimi nilipoteza chungu kimoja tu.

Baba yako hakucheka sana. Alisimama na kikombe chake anatazama ziwa. Kutoka kwenye mdomo wa mto, pale pembeni ya gati, palikuwa na mstari wa maji ya kahawia unaokwenda nje, mpana, umenyooka, hauyumbi na upepo.

"Maji yamechafuka," akasema. "Nizunguke kwanza na kihori, nitie bildi pote, ndipo tuilete tishali."

Nami nikamjibu, Rajabu, na maneno haya nimeyarudia mbele yako mara nyingi hadi yamekuwa kama nguo ya kila siku. Nikasema, "Maji si ni yale yale? Watu wanangoja unga, na mzigo wangu umo humo. Soko halikai kungoja bildi."

Mzigo wangu ulikuwa robota la kanga kutoka Mwanza. Wachimbaji walikuwa wametoka kulipwa, na mchimbaji akilipwa hununua kanga ya mke, na kama hana mke ananunua ya mtu mwingine. Nilikuwa na haraka. Haraka haraka haina baraka, naijua methali hiyo, nilifundishwa nikiwa sijaota meno ya pili, na siku niliyoihitaji haikunijia kichwani. Methali hutujia tukiwa tunawashauri wengine.

Akacheka, akaweka kikombe, akaenda. Hatukuagana. Nani anaagana na mtu anayekwenda kule anakoonekana?

Wakaikokota tishali kuingia. Nikawa namsikia akiimba, na namba zilikuwa zile zile hadi karibu na gati. Pale palipokuwa na pima nne, siku zote, mvua na kiangazi, akaimba pima tisa. Nikamwona akiitupa tena bildi, akiivuta, akiigeuza kutazama shahamu. Akaimba tena: pima tisa, chini pagumu, tope hakuna.

Sasa nikwambie kosa letu, maana nimelitafakari kuliko nilivyotafakari kitu kingine chochote duniani. Watu wa vyombo wanaogopa kitu kimoja, nacho ni maji haba. Fungu, mwamba, tope la kunasa. Kina hakuna anayekiogopa. Kina ni kheri. Mtia bildi akiimba namba ndogo, watu wote wanasimama. Akiimba namba kubwa, watu wanakaa. Basi nahodha Saidi, mzee mwema ambaye hajawahi kumdhuru mtu, alipiga kofi akasema kwa sauti tukamsikia hadi ufukweni, "Mungu ametuchimbia bandari bure." Tukashangilia. Nilishangilia mimi, na taulo la chai nikalipunga. Tulikuwa tumelalamika miaka mingi kwamba gati lina kina kidogo, na sasa tetemeko limetufanyia kazi asubuhi moja bila ujira. Hata baba yako nilimwona akitabasamu, ingawa alikuwa bado ameishika ile bildi mkononi kama mtu aliyepewa chenji nyingi kuliko haki yake.

Hakuna aliyeuliza tope limekwenda wapi.

Wakafunga tishali gatini. Wapagazi wakaanza kushusha unga, gati likajaa watu, magunia yakapangwa. Nikapaza sauti kwa baba yako, nikamwambia alitangulize robota langu kabla halijafunikwa na magunia. Akalitwaa begani. Alikuwa amefika katikati ya gati, anakuja kwangu. Ardhi haikutikisika tena. Jambo hilo ndilo lililonichanganya miaka yote, kwamba haikutikisika tena. Gati liliketi tu. Lilikwenda chini polepole kama mtu mzima anavyoketi mkekani, na ufukwe ulio nyuma yake ukalifuata, na kibanda changu kikafuata, na mimi nilivutwa nguo na mwanamke mmoja wa Kisukuma ambaye sikuwahi kumjua jina. Tishali ikalala ubavu. Walipotea watu, na baba yako akiwa mmoja wao. Hakuonekana. Robota la kanga lilielea, likaokotwa jioni.

Niliziosha zile kanga nikaziuza zote. Hilo nadhani sijapata kukwambia, si kwa kuficha, ila hakuna aliyeuliza. Wewe ulikuwa unakula. Watu walinunua, wakazivaa, na nilikuwa nikiziona sokoni kwenye migongo ya wanawake.

Baadaye wavuvi wakaanza kuleta habari. Pale ufukweni pa zamani mawe ya nyavu zao hayakugusa chini tena. Lakini mbali nje, kwenye kilindi ambako hakuna aliyewahi kugusa chini, nyavu zilirudi na matete ya ufukweni, ubao wa gati, na mara moja figa la mtu, bado lina masizi. Wakasema ziwa limehama. Wengine wakasema limekasirika, kwamba palikuwa na mwenye mkosi. Walipokuwa wanasema mwenye mkosi hawakunitazama, na kutonitazama kwao ndiko kulikonijulisha. Nduguze baba yako walitaka nirithiwe kwa heshima, watu wazuri, sina ubaya nao. Nikawaambia siwezi kulala tena mahali ninaposikia maji. Nikakufunga mgongoni ingawa ulikuwa umeshapita umri wa kufungwa, tukaja Shinyanga, ambako maji mtu huyanunua kwa debe na yanakaa kwenye debe.

Hapo ndipo makosa yangu mwenyewe yalipoanza, yale makubwa. Lile la gati lilikuwa la wote, tulilifanya pamoja tukishangilia. Haya nimeyafanya peke yangu, taratibu, nikiwa na muda wa kutosha kufikiri.

Nilikulea kwa hofu. Wenzako walikwenda lamboni kuogelea na kunywesha ng'ombe, wewe nilikuchapa kwa kukuta ukoka wa lamboni kwenye suruali. Nilisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na majirani waliitikia, kwa sababu ni methali nzuri na hakuna anayeweza kuipinga. Lakini sikukuchapa kwa malezi. Nilikuchapa kwa sababu nilikuwa naogopa na mkono wangu ulikuwa karibu. Kuna siku, ulikuwa umeanza shule tu, tulikuwa tunakula, ukaniuliza, "Mama, lile tope lilikwenda wapi?" Nikakupiga kofi. Ulikuwa mtu wa kwanza kuuliza. Watu wazima wote wa pale gatini, na manahodha, na mimi, na wale waliokuja kuandika habari za vifo, hakuna aliyeuliza, na mtoto wa shule ya msingi kauliza akiwa na tonge mkononi. Nilikupiga, ukamaliza ugali wako, hukuuliza tena. Nikadhani umesahau.

Kumbe ulikwenda nalo. Ulipoajiriwa posta nilifurahi, nikasema sasa amepata kazi ya kukaa kitini. Sikujua kwamba ndani ya ile posta kuna nyaya, na nyaya zinakwenda pwani, na zikifika pwani zinaingia baharini na kulala chini huko kutoka nchi hadi nchi. Uliponiambia umekubaliwa kwenye meli inayotengeneza nyaya hizo, iko Mombasa inakungoja, nilikuuliza nyaya zilizolala chini ya bahari zinakatwaje, ni papa? Ukacheka. Ukasema mara nyingine ni nanga, mara nyingine ni tetemeko. Nikaondoka kwenda kutazama jiko ambalo halikuwa na kitu.

Ile jioni ya sinia ndiyo ninayotaka kukuomba radhi juu yake. Ulichukua sinia langu kubwa ukaliinamisha kwenye beseni la maji, ukapanga mchanga na majivu yaliyolowa upande wa juu, ukatandika nyuzi mbili upande wa chini, moja karibu, moja mbali. Nikasema mtoto huyu ameanza kucheza ukubwani. Ukagonga ukingo wa sinia kwa kidole, mara moja, taratibu. Mchanga ukakaa. Nikadhani mchezo umeshindikana. Kisha mchanga ukaachia. Haukuporomoka kama jiwe. Ulivunjika, ukachanganyika na maji, ukawa kitu kizito chenye kichwa, ukashuka sinia ukikumbatia chini kama moshi uliokatazwa kupanda. Uzi wa kwanza ukasogea. Kisha, baadaye kidogo, wa pili. Juu ya maji hapakuwa na kitu, hata wimbi.

"Umeona, mama," ukasema. "Tetemeko linapita, watu wanashika vifua wanasema alhamdulillahi. Kazi ya chini ndiyo kwanza inaanza. Tope la miteremko linaachia, linakimbia saa nyingi, linachimba mabonde, linajaza mengine. Waya wa karibu unanyamaza kwanza, halafu unaofuata, halafu wa mbali kabisa. Watu wa simu wakilinganisha saa zao wanajua kuna kitu kilikuwa kinatembea huko chini, na kilikuwa na mwendo gani. Likichoka linatandaa kwenye tambarare ya kilindi. Meli ikija kutafuta waya, ramani ya chini si ile tena."

Nikakuuliza, sauti yangu ikiwa ndogo, "Na la baba yako?"

Ukatazama beseni. "Ni hilo hilo, mama. La kwanza liliondoka na tetemeko, ndiyo maana alipata pima tisa. Lilikata mguu wa ufukwe. Ufukwe ukabaki umesimama kwa mazoea tu, kisha nao ukashuka. Yeye yuko na lile la pili, kwenye kilindi. Limetandazwa huko."

Ulisema kwa upole. Hata kama ungeandaliwa na malaika usingesema kwa upole zaidi. Mimi nikaliinua beseni nikamwaga maji uani, na sinia likaanguka, na tangu siku hiyo sikuitikia shikamoo yako. Kila asubuhi umekuja mlangoni, "Shikamoo mama," nami nakuna kichwa, natafuta ufunguo, naita kuku. Mama wa kumnyima mtoto marahaba ni mama wa namna gani? Mama Kulwa alinikuta siku moja nikifanya hivyo akaniketisha chini.

"Bebe, wewe Mama Rajabu," akaniambia, "huyu mtoto amekukosea nini?"

Nikasema, "Ameniambia mume wangu yuko wapi."

Akaniuliza, "Na wewe ulikuwa hutaki kujua?"

Jibu nimelitafuta hadi leo mchana nikipiga pasi shati lako, na nadhani nimelipata, ingawa ni jibu la aibu. Miaka yote nilikuwa na hadithi mbili za kuchagua. Siku nikiwa na nguvu, nilisema ziwa lilikuwa na hasira na mtu. Siku nikiwa dhaifu, nilisema mtu huyo ni mimi. Zote mbili zilikuwa chungu lakini zilikuwa na mwenyewe. Wewe ukaja na sinia na nyuzi mbili ukaniambia hakuna mwenyewe. Tope lilikuwa limelala kwenye mteremko, likatikiswa, likaenda. Ziwa halikuwa na hasira. Mimi sikuwa na mkosi, nilikuwa na haraka tu, kama wanawake wote wa soko siku ya soko. Ungedhani mtu atafurahi kuondolewa mzigo wa namna hiyo. Mimi nilihisi nimeibiwa. Nimeubeba muda mrefu hadi nikasahau kutembea bila huo.

Jana niliitikia shikamoo yako. Ulisimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata, ukasema unakwenda kwa kinyozi, na kichwa chako kilikuwa kimenyolewa juzi yake.

Una kazi mbele yako na sitajifanya naijua. Umeniambia siku hizi meli hazitupi bildi kila mara, zinatuma mlio chini na kuhesabu unavyorudi. Sawa. Baba yako angelipenda hilo, angelitaka kujua mlio unaletaje habari za tope na mchanga bila shahamu. Mimi nina jambo moja tu la kukupa kutoka pale gatini, na si la kiufundi. Mwanangu, namba mbaya zina walinzi wengi. Kila mtu atapiga kelele ukipata maji haba. Jihadhari na namba nzuri usiyoifanyia kazi. Ukikuta kina kimezidi, ukikuta bonde limefunguka mahali palipokuwa pagumu na wote juu ya meli wamefurahi, usione haya kuwa mtu anayeharibu furaha. Uliza kilichokuwepo kimekwenda wapi, na kilichobaki kimesimama juu ya nini. Watakuita mwoga. Baba yako alianza kuuliza asubuhi ile, nikamharakisha, akaona haya, akaacha.

Hata kwa watu. Mtu akikutendea wema wa ghafla usioujua ulikotoka, au mama yako akinyamaza ghafla baada ya kufoka, usiseme sasa kumetulia. Mimi nilipokuwa nafoka nilikuwa salama kwako kuliko nilipokuwa kimya.

Na sasa lile tulilogombania. Ulikuja kuniomba radhi ya safari, kama mtoto wa watu anavyopaswa, ulikuja na ndugu yake Mama Kulwa awe shahidi, ukapiga magoti. Nami nikaigeuza kuwa bidhaa. Kwanza nikasema uoe kwanza. Ukasema bado. Nikasema naumwa. Ukakaa nami, ukanipikia uji, ukaliacha garimoshi la wiki ile liende, na wote wawili tulijua siumwi. Mwisho nikasema nitakupa, ila uape kwamba utarudi. Ukainamisha kichwa ukaniambia, "Mama, siwezi kuapa juu ya bahari." Nikasema basi radhi hupati. Nilikuona ulivyotoka. Umefunga sanduku wiki nzima kama mtu anayeiba vitu vyake mwenyewe, na kicheko hiki ninachokisikia kwa Mama Kulwa ni cha kumpendeza Mama Kulwa. Najua utapanda kesho hata bila radhi yangu, na najua utakavyosafiri. Kila chombo kikiyumba utafikiri ni mimi.

Nilitaka kiapo kwa sababu aliyetangulia hakuniapia kitu. Aliweka kikombe akaenda. Nikasema huyu hataniponyoka hivi hivi, huyu nitamfunga kamba. Lakini ningekufunga kwa neno ambalo wewe huna uwezo nalo, kisha ningekaa hapa Shinyanga nikikuhesabu mdeni kila mvua inaponyesha. Na kama lingetokea la kutokea, ungekwenda chini ukiwa umemvunjia mama yako ahadi. Nimelitazama hilo leo nikiwa na pasi mkononi na nimeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maji.

Basi usiape. Usiahidi. Ukifika utaniandikia ukipata nafasi, na usipopata sitasema umenisahau. Nitakuwa na huzuni, Rajabu, sikufichi, na nitakuwa mwanamke wa kuudhi kwa majirani, lakini huo utakuwa ni upweke wangu na nitaukaa.

Nimekupa radhi. Ukirudi umeipata, usiporudi umeipata, na kama siku moja watu watakuja mlangoni kwangu na kofia mikononi, wakute nimekwisha kukupa. Hii si ya kwenda na kurudi. Ni ya kwenda.

Mimi mama yako,
Mama Rajabu